Kihenge Kilichosimama Njiani

Katika miaka kumi na tisa ya kuzunguka mashambani akitengeneza kompyuta za watu, Lavonne Skogen hajawahi kushindwa na hata moja. Muulize mwenyewe, atakwambia hivyo hivyo, shingo ameinyoosha kama jogoo. Ukimtazama kidogo bila kusema kitu, atakohoa na kuongeza kwamba ziko tatu: moja aliimwagia kahawa yeye mwenyewe, ya pili kuku wake wanatagia ndani yake mpaka leo, na ya tatu ilikuwa nzima kabisa mpaka alipoigusa. Ya kwa Hovland haiweki kwenye hesabu hiyo. Anasema kompyuta ya kwa Hovland haikuwa na ugonjwa wowote.

Ilikuwa mwezi Machi. Kikaratasi kilimfikia kwa mkono wa mpeleka barua, kimekunjwa mara nne, mwandiko wa Ardis Hovland ule ule wa kulala upande kama nyasi iliyopigwa na upepo. Shoga, kiliandikwa, intaneti imekufa, na simu ya nyumbani imekufa nayo. Jumatano saa nane mchana nasimama mbele ya bodi ya parole kwa video, kwa ajili ya Curtis. Merle ameipigia kampuni mara tatu, hawaji. Njoo asubuhi kabla barabara haijayeyuka.

Curtis alikuwa mtoto wa pekee wa Ardis na mumewe Merle. Alikuwa amekaa gerezani miaka minne, upande wa pili kabisa wa Montana, kwa kuvunja duka la dawa akitafuta vidonge. Siku hiyo bodi ingemsikiliza kama aachiwe kabla ya muda wake, na mtu wa familia angepewa dakika tano aseme kama ipo nyumba ya kumpokea. Asiye na nyumba ya kumpokea haachiwi. Angekaa miaka miwili mingine. Ardis alikuwa ameandika maneno yake ukurasa mmoja, na alikwisha kuyasoma mbele ya jokofu mpaka jokofu likayajua.

Lavonne alifika Jumatano saa tatu asubuhi, ardhi ikiwa bado imeganda ngumu kama sahani. Alijua ana saa moja tu. Udongo wa kule ukipata jua la Machi hugeuka gundi; unashika tairi, unashika kiatu, na ukibisha unakivua kiatu na kubaki nacho. Aliingiza pikapu uani, akachukua sanduku lake la vyombo na robota la waya, akaingia jikoni bila kubisha hodi.

Ardis alikuwa amekaa mezani na mkongojo wake. Alivunjika nyonga mwezi wa Oktoba, alipoteleza barazani, akawekewa chuma, akalala hospitali na kisha kwenye nyumba ya kujifunza kutembea, miezi minne jumla. Hii ilikuwa wiki yake ya tatu tangu arudi nyumbani. Alikuwa tayari amevaa blauzi yake ya bluu ya kanisani, na juu ya blauzi aproni ili isichafuke.

"Umechelewa," alisema.

"Saa tatu kamili, mwenzangu. Na wewe umevaa mapema kama bibi harusi aliyeachwa mwaka jana akawa haamini."

Ardis alicheka, kisha akakaza mdomo. "Nitengenezee, Lavonne. Mambo mengine utanitania kesho."

Basi Lavonne akaanza. Aliiwasha kompyuta, na kompyuta ikachukua muda wake kama mzee anayetafuta miwani. Ndani yake alikuta programu tatu za kuua virusi, zote zimewashwa, zote zinashukiana zenyewe kwa zenyewe. Aliziondoa mbili. Akauliza ruta iko wapi.

"Kwenye sanduku la mkate," Ardis alisema.

"La bati?"

"Taa zake zinanikonyeza usiku kucha. Nikaifunika."

Lavonne alilifungua lile sanduku la bati, akaitoa ruta katikati ya mkate mweusi na nusu keki. Waya wake ulikuwa umepenyezwa kwa nyuma kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari. "Shoga," alisema, "waifai ndani ya bati ni sawa na kuongea na mtu huku umejifunga mto mdomoni." Aliiweka juu ya kabati, akajikatia kipande cha keki kama malipo, akarudi kwenye kompyuta akiwa na uhakika kabisa kwamba kazi imekwisha.

Haikwisha. Kompyuta iliiona ruta vizuri, mistari yote ya waifai ikajaa, lakini nje ya nyumba hakukuwa na kitu. Akazima vyote, akahesabu hadi sitini, akaviwasha kimoja kimoja kwa utaratibu wake. Akabadilisha waya. Akaandika upya neno la siri, ambalo lilikuwa jina la ng'ombe. Akaichomeka kompyuta moja kwa moja kwenye waya unaoshuka kutoka paani. Kimya. Saa nne ikapita, ikaja saa tano, na nje barabara ikaanza kung'aa kwa maji.

"Tukupakie kwenye pikapu twende maktaba," Lavonne alisema, ingawa alijua barabara haipitiki tena.

"Angalia nje. Mpeleka barua mwenyewe leo hatapita."

"Basi simu ya mkononi."

"Inashika juu kilimani, makaburini. Kwa mguu huu, Lavonne? Mnibebe? Nimeshawaza yote. Wiki tatu nawaza." Alikuwa ameushika ule ukurasa wake kwa mikono miwili. "Hajaniona miaka minne. Madaktari walisema safari ile ndefu nisiende, halafu nikavunjika. Nisipoonekana leo atadhani nimechagua."

Lavonne alivaa buti, akatoka nje kuiangalia antena.

Intaneti ya mashamba yale hutoka mjini Wexler. Juu ya ghala refu la ushirika wa wakulima kampuni imefunga mtambo wake, na kila nyumba ina kiantena chake kinacholitazama lile ghala moja kwa moja, maili tisa za ngano na hewa tupu, bila kupepesa. Kikiliona ghala, unapata mtandao. Kisipoliona, hupati. Lavonne alisimama mbele ya baraza, akakitazama kiantena cha Hovland kwenye nguzo yake paani, kisha akageuka kutazama kule kilikokuwa kinatazama.

Mbele yake hatua themanini kilisimama kihenge kipya cha chuma, kikubwa kama kanisa dogo, kinameremeta, na ghala la Wexler halikuonekana hata kidogo.

Merle Hovland alikuwa pale chini ya kihenge, amechuchumaa anakaza boliti ambayo haikuhitaji kukazwa. Alikuwa mzee mrefu, mpole, wa maneno machache, aina ya mtu anayemwomba radhi ng'ombe kabla ya kumkamua. Lavonne alimfikia akiwa amebeba kilo mbili za tope kila mguu.

"Kizuri kihenge chako, shemeji."

"Kipo."

"Kimejengwa lini?"

"Oktoba."

"Mkeo akiwa hospitali." Lavonne alikuna kisigino kwenye zege. "Nani alichagua mahali hapa?"

"Watu wa zege."

"Watu wa zege walikuja na zege lao, Merle, hawakuja na shamba lao. Una eka elfu mbili. Ungeweza kukiweka kule, ungeweza kukiweka pale, ungeweza kukiweka juu ya paa la choo. Mwaka ule kampuni ilipofunga antena nilikuwepo, nilikula chakula chako. Yule kijana wao alipigilia vigingi viwili, akakufungia kamba ya rangi ya chungwa, akasema hapa katikati usijenge, usipande mti. Ukasema sawasawa."

Merle aliendelea na boliti yake.

"Na barua ya bodi ilikuja Septemba," Lavonne alisema polepole, kwa sababu ilikuwa inamjia wakati huo huo anaposema. "Na kampuni hujaipigia hata mara moja."

Hapo Merle alisimama. Alivua glavu ya mkono wa kushoto, akamwonyesha. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa haviji wala haviendi, vimekauka kwa kujikunja. Kila mtu wa wilaya ile alijua habari ya vidole hivyo: farasi wa kijivu alimbana kwenye lango, miaka mitano iliyopita.

"Si farasi, Lavonne."

Upepo ulikuwa unapiga chuma cha kihenge, kinalia kwa chini chini. Lavonne alitazama vidole, kisha akatazama dirisha la jikoni, kisha akavitazama tena.

"Ardis anajua?"

"Ardis anajua farasi."

"Na yule farasi?"

"Nilimuuza. Ilibidi, ili maneno yasimame." Merle alivaa glavu yake, kidole kimoja kimoja. "Alikuwa farasi mzuri kweli."

"Mwambie mkeo."

"Nimwambie nini, kwamba ni Curtis? Ana mtoto mmoja. Kwa mkono mmoja nimpe mtoto, kwa mwingine nimnyang'anye?"

"Basi kaa wewe mbele ya kamera, iambie bodi."

"Yeye akiwa kando yangu, ananisikia?" Alitikisa kichwa. "Sikutaka baya, shemeji. Nilitaka tu siku moja ipite bila kusemwa kitu. Siku moja tu, halafu ni miaka miwili. Mimi miaka miwili ijayo nitakuwa na sabini na tisa. Atakuja akute nyumba ina watu wengine."

Lavonne alikuwa amewahi kuambiwa siri nyingi katika kazi hiyo. Watu wakifunguliwa kompyuta hufunguka nao. Hakuna iliyowahi kumkaa kifuani kama ile. Alitaka kumwambia Merle ana haki. Alitaka kumpiga na spana. Juu ya yote, alitaka asingekuwa amekuja. Kule dirishani Ardis alikuwa amesimama kwa mkongojo wake na ile blauzi ya bluu, anawatazama, mkono mmoja amejikinga jua.

"Kazi yangu ni waya," alisema mwishowe, na hata yeye mwenyewe hakuipenda sauti yake. "Nishushie ile antena."

Merle asingeweza kukataa, dirisha likiwa na macho. Aliishusha. Lavonne aliitundika begani akapanda ngazi ya kihenge yeye mwenyewe, miaka sabini na miwili na magoti mawili yenye maoni tofauti, huku akizihesabu ngazi kwa sauti ili asikumbuke ardhi. Kwenye ya kumi na tano ndipo alipoliona ghala la Wexler, kijiti cheupe mwisho wa dunia. Akaifunga antena kwa mabano na nyaya za uzio. Chini yake Merle alikuwa ameishika ngazi kwa mikono yote, ameishika vizuri, kwa nguvu. Hilo Lavonne amelikumbuka kila mara anapotaka kumchukia.

Waya wake wa robota haukutosha kutoka kihenge hadi jikoni, akaunga mbili. Kiungo kikaangukia chini kabisa ya kihenge, kwenye tope. Alikifunika kwa mfuko wa nailoni, akaweka tofali juu. Alipoinama pale alijua vizuri sana anakiacha wapi, na mkononi mwa nani. Angeweza kukipandisha, akakifunga juu kwenye ngazi. Saa ilikuwa saba na dakika ishirini, mgongo unamuuma, alikwisha shuka. Hayo ndiyo aliyojiambia.

Saa saba na nusu mtandao ulirudi. Ardis alipiga kelele moja fupi kama msichana aliyeona panya, akamshika Lavonne uso kwa mikono miwili akambusu kwenye paji.

"Merle!" aliita kupitia dirishani. "Mzee! Imekubali! Njoo ukae nami!"

"Nina ndama wa kulisha," Merle alijibu kutoka uani. "Anza tu. Nitakuja."

Ardis alivua aproni, akajichana, akaweka ukurasa wake mbele yake na juu yake kikombe ili usiruke. Lavonne alikaa pembeni ambako kamera haimfiki. Saa nane kasoro dakika mbili watu watatu walitokea kwenye kioo cha kompyuta, wamekaa nyuma ya meza ndefu, mmoja anakunywa maji. Kisha kwenye pembe ya chini kikafunguka kidirisha kidogo, na ndani yake Curtis.

Alikuwa amekonda. Nywele zimekatwa karibu na ngozi, masikio yamejitokeza. Alikuwa anatazama mahali pasipo sahihi, kama watu wote wasiozoea kamera, kisha akamwona mama yake, na uso wake wote ukasogea.

"Mama," alisema. "Umevaa ile ya bluu."

Mwanamke mmoja wa bodi alimwambia Ardis taratibu kwamba muda wake umeanza, aseme jina lake na uhusiano wake na mfungwa.

"Naitwa Ardis Hovland," alisema. "Mimi ni mama yake. Nimekuja kusema kwamba nyumba ya..."

Mwanamke wa bodi alibaki na mdomo wazi. Maji yakabaki katikati ya bilauri na mdomo wa yule mwingine. Curtis alikuwa amefumba macho wakati huo huo, na akabaki hivyo, amefumba macho, anatabasamu kidogo, kidirisha kizima kikiwa kimya, na katikati ya kioo kile kiduara kinachozunguka bila kwenda popote.

"Wananisikia?" Ardis aliuliza. "Lavonne, wananisikia? Niendelee?"

Lavonne alikuwa tayari mlangoni. Hakuvaa buti, hakukuwa na nafasi. Aliufuata waya kwa mkono uani, ameinama, tope linamla viatu, kimoja kikabaki akakiacha. Ndama walikuwa wanalia zizini. Mbwa alimfuata akidhani ni mchezo. Chini ya kihenge alikuta tofali liko upande, mfuko umechanika, kiungo kimeachana, na vichwa vyote viwili vya waya vimezama kwenye tope kama vimekanyagwa. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na alama za nyayo, lakini pale kila mtu alikuwa ameacha nyayo tangu asubuhi, hata yeye.

Alivisafisha kwa blauzi yake, kwa mate, kwa kucha. Vikakataa. Akakata vichwa, akavivua upya, akaanza kupanga nyuzi nane ndogo kwa rangi, akakosea, akakata tena. Kila aliponyanyua macho aliona dirisha, na dirishani hakuna mtu, maana Ardis alikuwa hajathubutu kuondoka mbele ya kioo.

Ilimchukua dakika ishirini na tano. Aliporudi jikoni na mguu mmoja wa soksi, mtandao ulikuwa umerudi na ile meza ndefu haikuwepo tena. Palikuwa na maandishi meupe ya kusema kikao kimefungwa, na kwamba uamuzi utatumwa kwa barua. Ardis alikuwa amesoma ukurasa wake wote. Aliusoma mbele ya ule uso uliofumba macho, mstari kwa mstari, hadi mwisho, endapo labda upande wa pili wanasikia.

"Nilisema yote," alisema. "Nilidhani, pengine picha ndiyo iliyokufa na sauti inakwenda. Huwa inakuwa hivyo?"

"Huwa," Lavonne alisema. Haikuwa hivyo.

"Ni nini kilichokata?"

Lavonne aliketi. Tope lilikuwa linakauka kwenye mikono yake na kuibana ngozi. "Labda mbwa," alisema, bila kumtazama. "Ana tabia ya kuvuta vuta vitu."

Ardis alimtazama kwa muda mrefu. Walikuwa wamejuana miaka hamsini na moja, wamezika watu pamoja, na hawakuwahi kutazamana hivyo. Kisha aliichukua aproni yake kwenye kiti, akaivaa juu ya blauzi ya bluu, akaifunga kwa nyuma mafundo mawili, akarudi kukaa mbele ya kompyuta.

"Izime," alisema.

Lavonne aliizima.

Ardis aliukunja ukurasa wake, akaukunjua, akaulaza mezani akaupiga pasi kwa kiganja. Wakati mmoja alisema, kama anaongea na meza, kwamba Curtis alipokuwa mdogo akiogopa kitu alikuwa anafumba macho vile vile. Lavonne alitamani kwenda nyumbani, lakini pikapu yake ilikuwa imeshazama hadi kwenye ekseli.

Ilikuwa inakaribia saa tisa Merle alipoingia. Alivulia buti mlangoni, akaziweka sambamba juu ya gazeti, akatundika kofia. Akanawa mikono kwenye sinki, akanawa sana. Alijikausha, akaja akasimama nyuma ya kiti cha mkewe, akamwekea begani ule mkono mzima.

"Haya," alisema kwa upole. "Wamesemaje?"

Ardis hakugeuka. Alikuwa anatazama kioo cheusi, na ndani ya kioo cheusi walikuwemo wote wawili, yeye amekaa na mumewe amesimama.

"Wamemwachia," alisema. "Niliongea dakika zangu zote tano, mzee. Nilisoma ukurasa wote na walinisikiliza vizuri sana. Yule mama alifuta hata machozi. Wamesema Jumatatu yuko hapa."

Mkono ulitoka begani.

"Haiwezekani," Merle alisema. "Ulikuwa hujafika hata..."

Bomba la sinki lilikuwa linadondosha maji. Lavonne alitazama mikono yake mwenyewe.

Ardis alikigeuza kiti chake polepole, kwa sababu ya nyonga, mpaka akawa anamtazama usoni.

"Hata wapi, Merle?"